Mkanda wa 375 H&H umenichosha

Wakuu, nimelikalia hili muda mrefu, leo nalitoa. Ukiuliza bunduki ya kaliba kubwa ya kupigia shabaha, na unataka kupakia risasi zako mwenyewe, wengi watakuelekeza kwenye 375 H&H. Hiyo ni aina ya risasi ya kampuni ya Kiingereza, Holland & Holland. Watakwambia ina heshima zake, ipo tangu 1912, na imeangusha kila mnyama mkubwa unayemjua. Sibishi. Lakini sisi wa renji hatupigi nyati. Tunapiga karatasi, tunaokota maganda, tunarudi nayo nyumbani kuyapakia tena. Kwetu ganda ndilo kila kitu, na ganda la 375 ndilo lililonitia hasira ambayo mpaka leo haijapoa.

Nilinunua mfuko wa maganda yaliyokwisha kutumika kwa mzee mmoja muuza vifaa. Aliniapia kwamba yamepigwa mara moja tu. Yalikuwa yamesuguliwa yakang'aa kama kioo. Nikayapakia kwa kipimo cha chini cha baruti kwenye kitabu cha upakiaji. Cha chini, nasisitiza, kwa sababu najua kuna atakayerukia hapo. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Halafu siku moja nipo kwenye benchi, risasi ikatoka kwa mlio ule ule wa kawaida, ila nikahisi pumzi ya moto imenipita shavuni. Nikavuta bolti. Kilichotoka ni kitako cha ganda na mkanda wake, yaani ule ukingo mnene unaolizunguka ganda kitakoni, basi. Kipande kifupi, mdomo wake umechanika kuzunguka pande zote. Sehemu nyingine yote ilibaki imenasa ndani ya chemba, kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu, na pale hakukuwa na kingine cha kufanya ila kufunga virago na kumpelekea fundi. Kama nisingevaa miwani siku ile, sijui ningekuwa naandika nini hapa.

Sasa sikilizeni kwa nini hili hutokea, maana si bahati mbaya. Ganda la 375 lilibuniwa zama za kodaiti, baruti iliyokuwa nyuzi nyuzi ndefu, ndiyo maana ni refu, limechongoka, na bega lake, pale linapobana kuelekea shingoni, limeteremka mno. Bega la namna hiyo halishiki vizuri ndani ya chemba, kwa hiyo wakaliwekea mkanda kitakoni, mkanda ndio uzuie ganda lisizame. Wazo zuri kwa mwindaji anayepiga mara mbili tatu kwa msimu. Lakini kwa kuwa mkanda unashika, watengenezaji wengi huacha nafasi ya ziada mbele ya bega. Ukifyatua, ganda linavutika kujaza ile nafasi, na linapovutika linakonda mahali pamoja: juu kidogo ya mkanda. Ukilisukuma tena bega nyuma kwa kalibu, kifaa cha kulirudishia ganda umbo lake kabla ya kulipakia, kama maelezo ya kalibu nyingi yanavyokuambia, mzunguko unaofuata linavutika tena. Nje ganda linameremeta. Ndani lina mfereji.

Mfereji huo unaugundua kwa waya mwembamba uliokunjwa ncha. Ingiza waya mpaka chini, gusisha ncha ukutani, kisha vuta taratibu kuja juu. Ganda zima, waya unateleza. Ganda bovu, waya unakwama kidogo juu ya kitako, tik, kisha unaruka. Nilirudi kwenye ule mfuko nikapima yote, na mengi yakanipa ile tik. Nikakata moja kwa msumeno kwa urefu: ukuta pale umebaki mwembamba wa kutisha.

Nikampelekea mzee vile vipande viwili. Nilimwendea kwa adabu zote, shikamoo mzee, tazama hili. Hata hakulishika mkononi. Akanitazama juu mpaka chini mbele ya wateja wake, akasema, "Kijana, kama kaliba kubwa imekushinda, nenda kacheze na manati." Watu wakacheka. Mimi nimeleta ganda lililokatika karibu na uso wangu, yeye ananiambia manati!

Nimejaribu kumtetea moyoni. Huenda kweli yalipigwa mara moja, maana hata mpigo wa kwanza, kwenye bunduki yenye chemba iliyolegea, unatosha kulivuta ganda vibaya. Lakini basi angesema hivyo. Angenipa dakika moja.

Baada ya hapo nikahamia 45-70, risasi nyingine ya kaliba kubwa. Hii jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1873, na kwa renji sioni cha kuifikia. Haina mkanda, haina bega la kusukumwa. Inashikwa na ukingo wa kitako, inafanya kazi kwa shinikizo dogo, na maganda yake yanadumu. Namimina vichwa vya risasi mwenyewe, na teke lake ni la kukusukuma begani polepole, si la kukutwanga, kwa hiyo napiga mchana kutwa bila kuanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Yapo ya kuangalia, tena makubwa. Vitabu vingi hugawa vipimo vyake vya baruti kwa uimara wa bunduki, na kipimo cha bunduki ngumu ya kisasa kitaivunja ile Springfield ya zamani, bunduki ya jeshi ya enzi hizo. Ukitumia baruti kidogo ndani ya ganda kubwa namna hii, ukimimina mara mbili hutaona imefurika, kwa hiyo chungulia kila ganda kwa tochi kabla ya kuweka kichwa. Na bunduki ya magazini ya bomba, ambamo risasi hupangwa moja nyuma ya nyingine, ipe vichwa bapa, kwa sababu kila ncha inalalia fataki, kile kiwashio cha kitakoni, ya risasi iliyo mbele yake.

458 Winchester Magnum, risasi nyingine kubwa, nayo ina mkanda, ila haina bega, kwa hiyo mkanda wake angalau una kazi. Teke lake sitaki kulizungumzia.

Nilikusudia kumalizia kwa kusema 375 itupeni. Siwezi. Nimenunua maganda mapya, nimeinua kalibu iguse bega kidogo tu ili ganda lishikwe na bega badala ya mkanda, na ile bunduki inapanga matundu kwenye karatasi mpaka yanagusana. Siiuzi. Ila anayeanza, anayetaka kupiga sana na kupakia sana, achukue 45-70 na asimsikilize mtu. Na yule mzee, kama bado ana mifuko ile rafuni, akate hata ganda moja atazame ndani kabla hajamuuzia mwingine.