Mchanga wa mita, si wa "tani saba": yadi ninayonunua Naliendele

Saruji haina ubishi. Mfuko ni kilo 50, umefungwa kiwandani, na kiwanda cha Dangote chenyewe kipo hukuhuku Mtwara. Sisi tunaofyatua tofali, ubishi wetu wote uko kwenye mchanga.

Wauzaji wengi hapa mjini wanakuuzia "tani saba". Uliza zimepimwa mizani gani, dereva atakuonyesha gari. Gari ni la tani saba, basi na mzigo ni tani saba! Watu wa Kusini tumepigia kelele kangomba, yaani ununuzi wa vipimo vya ujanja, kwenye korosho mpaka sauti zikakauka, lakini tukiletewa kangomba yenye matairi tunalipa na kusema asante.

Yadi ninayoisifia haina hata kibao. Iko mkono wa kushoto ukitokea mjini kwenda Naliendele, jirani na waranda mbao. Wao wanauza kwa mita za ujazo. Tipa likifika, kabla halijamwaga, utingo anapanda juu, anasawazisha kwa chepe, kisha anachoma fimbo ya chuma yenye alama za sentimita kwenye pembe nne na katikati. Bodi kwa ndani ni mita 4.2 kwa 2.1. Fimbo ikisoma wastani wa sentimita 50, una mita za ujazo 4.41, na ndivyo risiti inavyoandikwa. Ukitaka kupanda mwenyewe na futi yako, hawanuni. Mimi hupanda, kanga kiunoni.

Na wanapimia kwangu, si shimoni. Mchanga ukitikiswa njiani unashuka. Uliopakiwa ukafurika unaweza kufika umelala chini ya bodi, na hakuna aliyeiba.

Sasa mita hizo ni tani ngapi? Mchanga mkavu huwa na tani 1.4 hadi 1.6 hivi kwa mita moja ya ujazo, kutegemea chembe zake na ulivyojipanga. Wa kwao niliupima. Nilianika mpaka ukawa unamiminika, nikajaza ndoo hadi alama ya lita 20, nikaenda kwenye mizani ya jirani muuza mkaa: kilo 32 bila ndoo. Hiyo ni kilo 1.6 kwa lita, au tani 1.6 kwa mita. (Alama iwekeni wenyewe kwa maji mliyoyapima. Ndoo nyingi zikijaa hadi mdomoni zinapita lita 20.) Zidisha kwa 4.41, unapata tani saba na chembe. Kwa hiyo kwenye bodi ile, tani saba za mchanga mkavu ni kina cha nusu mita. Mzigo usiofika hata magotini usiitwe tani saba mbele yangu.

Tatizo ni hilo neno "mkavu". Mchanga wenye unyevu kidogo, ule unaoshikana ukiufinyanga kiganjani, hutuna. Maji yanazizunguka chembe kama ngozi nyembamba na kuziweka mbalimbali. Ndoo ileile ikijazwa mchanga wao wa asubuhi ilisoma kilo 27. Umeongezwa maji, na ndoo imekuwa nyepesi! Ukilowa chapachapa kwa mvua ya masika, chembe zinashuka tena mahali pake, maji yanajaza nafasi zilizobaki, na ndoo inakaribia kilo 40. Kwa hiyo ukinunua kwa uzito wakati wa mvua unalipia maji, na ukinunua kwa ujazo mchanga ukiwa na unyevu unalipia hewa.

Hewa hiyo inapimika kwa chupa pana ya kioo. Nilijaza mchanga wenye unyevu hadi sentimita 20 bila kushindilia, nikaumwaga kwenye sinia, nikatia maji nusu chupa, nikaurudisha wote huku nikikoroga, kisha nikauacha utulie. Ulisimama sentimita 16. Zile nne zilizopotea ni robo ya 16, maana yake mchanga ulituna kwa asilimia 25, na mita zangu 4.41 za kwenye risiti zilikuwa kama 3.5 tu za mchanga wenyewe.

Nilimpelekea karani wao chupa. Akaitazama, akacheka, akasema, "Mama, hewa hatukuichimba sisi." Bei haikupungua hata shilingi. Hapo ndipo nawatoa nyota moja. Wanaosawazisha kwa uaminifu namna ile wangeweza kuleta na chupa.

Kwenye tofali hesabu hii inauma zaidi kuliko kwenye risiti. Mfuko wa saruji ni kama lita 35. Toroli langu likisawazishwa linabeba lita 60, na mimi huchanganya mfuko mmoja kwa toroli nne za mchanga mkavu, karibu moja kwa saba. Toroli nne hizohizo za mchanga uliotuna ni lita 192 badala ya 240, kwa hiyo saruji inakwenda moja kwa tano na nusu. Tofali linakuwa gumu, ndiyo, lakini bei ya sokoni ni ileile na mifuko inaisha mapema. Siku za unyevu wa namna hiyo vijana wangu wanatia toroli tano.

Kuhusu ubora: mchanga wao ni wa mto, wa chembechembe, una udongo kidogo sana. Usugue kiganjani, mkono unabaki karibu safi. Wa ufukweni hawauzi, na vizuri, maana chumvi yake inakula nondo. Uchelewaji upo, ukiambiwa saa mbili, andaa saa nne. Tipa haliingii geti jembamba, kwa hiyo utahitaji vibarua wa kuhamisha, na hao ni juu yako. Malipo ni baada ya fimbo kusoma, taslimu au kwa simu, na risiti inaandikwa palepale juu ya boneti.