Kinanda cha kuongoza kwaya peke yako: nunua kipi?

Kwaya nyingi zinazoimba Kiswahili hapa Uganda hazina mpiga besi wala mpiga drams. Kuna mtu mmoja kwenye kinanda: mkono wa kushoto unashika kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), mashine inaleta ngoma, besi na gitaa. Muuzaji atakutajia idadi ya staili, yaani midundo ya kusindikiza iliyomo kwenye kinanda; wewe muulize kinanda kinausomaje mkono wa kushoto.

1. Casio CT-X3000. Ina midundo 235, lakini sababu ya kuiweka juu ni kwamba unaweza kuuhariri mdundo na kuuhifadhi. Nyimbo zetu nyingi ni za 6/8 (mapigo sita kwa kila kipimo), na staili za kiwandani huegemea zaidi pop na roki; hapa unapunguza drams, unabadilisha besi, mpaka mdundo ukae na waimbaji. Pia inaelewa kodi yenye besi tofauti, kama C juu ya E. Umeme ukikatika katikati ya ibada, betri sita kubwa za tochi zinaiendesha.

2. Yamaha PSR-E373. Staili 205, na kwa anayeanza sijaona njia nyepesi ya kushika kodi kuliko hii. Bonyeza C peke yake, unapata C meja. Ongeza kibao cheusi kilicho kushoto kwake, inakuwa C maina. Ukichagua cheupe cha kushoto badala ya cheusi, ni C7. Ukishazijua kodi kamili, unazishika papo hapo bila kubadilisha chochote. Angalizo kwa waliojifunzia Yamaha: Casio ina njia yake ya mkato, na vibao vya kuongeza viko kulia. Mazoea hayo huchukua muda kuyaacha.

3. Casio CT-S300. Midundo 77 tu, ila ina kilo 3.3 na inatumia betri ndogo sita. Kama unapanda boda kwenda mazoezini, ichukue bila wasiwasi.

4. Yamaha PSR-E273. Staili 143, lakini vibao havitofautishi mguso laini na mzito. Ya mtoto nyumbani, sawa. Ya ibada, hapana.

Ukinunua iliyotumika, kagua adapta kabla ya kulipa. Hizo Yamaha mbili zinataka volti 12, CT-S300 inataka 9.5. Mwambie muuzaji aichomeke, shika kodi ya mkono wa kushoto, na usikilize staili hadi mwisho wake.