Mkoba wa mifuko saba: Jumamosi nne kwa fundi wa ngozi Mji wa Kale

Miaka yote nimekuwa nikinunua mikoba iliyoshonewa mtu mwengine. Mtu huyo simjui, ila naona hana miwani, hana kalamu nyekundu zinazovuja, hana funguo za kabati la darasa, wala hapandi feri ya Likoni saa kumi na mbili asubuhi akisukumwa mgongoni na nusu ya mtaa. Mimi ni mwalimu wa msingi, nakaa Likoni, nafundisha kisiwani Mombasa. Mwaka jana nilichomolewa simu pale tunaposhuka, kwenye mfuko wa nje uliowekwa kwa urembo tu. Nilipompelekea fundi viatu mkoba uleule anitilie zipu mara ya tatu, akaugeuza akaniuliza, "Mwalimu, si ushone wako?"

Ndivyo nilivyofika kwa huyu ninayetaka kumweleza. Karakana yake iko Mji wa Kale, kichochoroni nyuma ya Ndia Kuu. Hana kibao, utamjua kwa makubazi yaliyotundikwa mlangoni, na kwa harufu ya ngozi inayokupokea kabla hujabisha hodi. Jumamosi hufundisha watu wanne watano kushona mikoba kwa mkono, kila mtu na wake, kwa vipimo vyake. Nilimlipa shilingi 6,500, akanambia humo mna mafunzo, ngozi, uzi na gundi, na kwamba ni kazi ya Jumamosi mbili. Kwangu zilikuwa nne.

Siku ya kwanza hatukushika ngozi. Alitandika mkeka akasema, "Haya, mwageni." Kila mmoja akamwaga mkoba wake mbele za watu. Aibu iliyoje! Mimi nilitoka na chaki, risiti za tangu mwaka juzi, tasbihi, na nusu ya mahamri kwenye karatasi. Shangazi mmoja wa Kibokoni alimwaga hadi vipande vya udi. Kisha fundi akatutaka tugawe vitu mafungu matatu: unavyovihitaji ukiwa umesimama, unavyovihitaji ukiwa umekaa, na ambavyo hutaki vionekane kabisa. Nauli ya matatu ni ya kusimama, kwa hivyo mfuko wake uwe nje, mdogo, karibu na ukanda, usilazimike kufungua mkoba mzima mbele ya kondakta. Miwani na kalamu ni vya kukaa. Simu ni ya kufichwa: mfuko wake uwe upande wa nyuma unaolalia mbavu zako, na zipu. Nimenunua mikoba miaka ishirini, sijawahi kuulizwa swali hilo dukani.

Nilichora mifuko saba. Fundi akautazama mchoro, akanitazama mimi. "Mwalimu, wataka mkoba ama wataka kabati?" Hata hivyo hakunikatalia. Alichonionyesha ni kwamba mifuko saba yote ikiwa ya ngozi, mkoba utakuwa mzito kabla hujatia kitu, basi ya ndani minne tuifanye ya kitambaa na ya ngozi ibaki mitatu. Nyumbani nilikuwa na leso kuukuu ya "Usisafirie nyota ya mwenzio", nikaigeuza bitana. Leso peke yake ni nyepesi, hivyo tuliibandika juu ya kitambaa cha marekani kilichonunuliwa Mtaa wa Biashara. Mfuko wa kalamu uliangukia pale pale penye maandishi, sasa kila nikitoa kalamu nasoma "nyota ya mwenzio", hiyo "usisafirie" imeingia kwenye pindo.

Sasa niseme kosa langu, maana ndilo lililonifunza zaidi kuliko maelezo yote. Simu yangu ina upana wa sentimita 7.5. Nikakata kipande cha ngozi cha sentimita 8.5, nikijiona nimekuwa mkarimu. Mshono unakaa milimita nne kutoka ukingoni kila upande, kwa hivyo nafasi iliyobaki ndani ni sentimita 7.7. Na simu si karatasi. Pamoja na kava lake ina unene wa sentimita nzima. Haikuingia hata kwa kubembelezwa. Kitambaa ungefumua ukashona upya, lakini ngozi ikishatobolewa tundu halifungiki, hata uzi ukiutoa alama zinabaki safu kama chanjo. Fundi alinihesabia kwa vidole: upana, uongeze unene, uongeze nusu sentimita ya kupumua, halafu milimita nne mara mbili za mshono. Jibu ni 9.8. Mwalimu wa hesabu mimi, nafundishwa kujumlisha. Ushauri wangu kwa atakayekwenda: kata pateni ya karatasi ngumu kwanza, ibane kwa vibanio vya nguo, ingiza kitu chenyewe, ukitoe na ukirudishe mara mbili tatu, ndipo ushike kisu. Hicho kimfuko kilichoharibika sikukitupa. Nilikishona mahali pengine, kina kalamu za akiba.

Jambo jengine ambalo sikulijua: mifuko hushonwa kwenye vipande vya mkoba vikiwa bado bapa mezani. Ukishaunganisha mbele, nyuma na ubavu, kile kipande cha pembeni na chini, mkono hauingii tena kwa raha, basi wazo la mfuko likikujia baada ya hapo ushachelewa. Yule kijana wa Kisauni tuliyekuwa naye alikumbuka mfuko wa kadi wakati mkoba ushasimama, akabaki kuutia kwa nje.

Kushona kwenyewe kunapendeza ukishazoea. Unabana ngozi kwenye kibanio cha mbao mapajani, matundu yanatobolewa kwa chuma chenye meno kama uma, kila milimita nne, kwa kupigwa nyundo ya mbao. Uzi ni mmoja uliopakwa nta, sindano mbili butu, moja kila ncha, na zote mbili zinapita tundu lile lile kutoka pande mbili. Cherehani hufunga uzi wa juu na wa chini, ukikatika pahala mshono huanza kuachia. Huu wa mkono, uzi wa upande mmoja ukikatika wa upande wa pili bado umeshika. Mkoba wangu una upana wa sentimita 30 na kimo cha 25, kwa hivyo kuuzungusha ubavu ni sentimita 80 mbele na 80 nyuma: matundu 400, bila kuhesabu mifuko. Uzi hukatwa kama mara nne ya urefu wa mshono, yaani mita tatu na zaidi kwa upande mmoja. Mikono yangu haikufika, nikaugawa mara mbili. Nilikuwa nakaza mno hadi ngozi ikakunja uso. "Usikaze hivyo, mwalimu, ngozi yalia."

Ngozi aliyotupa ni ya ng'ombe, iliyodabighiwa, yaani iliyotayarishwa isioze, kwa magome ya miti. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi, ilhali ya kemikali za kromu humalizika siku chache, na ndiyo laini tuliyoizoea kwenye mikoba ya dukani. Magome ya mikoko ya pwani yetu nayo yametumika tangu zamani kudabighi ngozi. Uzuri wa ngozi ya magome ni kwamba ukingo wake ukiusugua kwa msasa, maji kidogo na kijiti laini, kisha nta, unang'aa kama kipini cha kisu. Ile ya kromu haikubali hivyo, hupakwa rangi. Ubaya wa hii ya magome, ikirukiwa na maji inashika doa. Wangu tayari una madoa mawili ya feri.

Na malalamiko yangu ni haya. Zipu, pete na bizimu hazimo katika ile 6,500, na hakuna aliyenambia hadi Jumamosi ya pili. Shilingi 950 zikanitoka papo hapo. Chumba ni kidogo, dirisha ni moja, na ile gundi ya mafundi viatu lazima uipake pande zote mbili uingoje ikauke kidogo ndipo ubandike, huku watu watano wanaivuta puani. Stima ikapotea na feni nayo ikasimama. Mwenye pumu asithubutu kabla hajauliza siku za gundi ni zipi. Tena fundi ana haraka ya mikono: ukikwama dakika mbili anakunyang'anya kazi, anaimaliza, anakurudishia. Matundu ni 400, lakini kama arobaini hivi ni yake, na nayajua yalipo kwa sababu yamenyooka.

Kubwa kuliko yote ni ukanda. Nilikatiwa kwenye upande wa tumbo la ngozi, na ngozi ya tumbo ni legevu, huvutika. Ukanda hukatwa mgongoni, sambamba na uti, kwenye ngozi iliyoshikana. Wiki ya tatu ya kuubeba, mkoba ukaanza kunigonga paja: ukanda umerefuka karibu sentimita nne. Haya mtu anayelipia mafunzo hayajui, ndiyo maana analipia.

Hali ya hewa pia inataka adabu. Mwezi wa Mei, mvua za masika zilipokolea, nikauacha mkoba kabatini siku tano, nikaukuta na kuvu jeupe kama unga kwenye ubavu. Nilifuta kwa kitambaa kikavu, nikauanika kivulini penye upepo. Sasa naulaza ndani ya foronya, si kwenye nailoni. Dukani wanaokuuzia mkoba huku pwani hawakwambii hili.

Kwa jumla nampa nne kwa tano, na hiyo moja aliyoikosa imegawanyika kati ya dirisha na ukanda. Dukani ningepata mkoba kwa nusu ya pesa hizi, ungekuwa na mifuko miwili na zipu ya kufa Desemba. Kwenye feri simu iko mbavuni, naisikia ikitetemeka, na kwenye matatu nauli iko mkononi kabla kondakta hajafungua mdomo.

Ukanda niliurudisha. Fundi aliuvuta, akaupima, akanyamaza kidogo, kisha akafunua ngozi mpya akaanza kuchora mstari kando ya uti. Nikamtoa kisu mkononi. Alinitoza shilingi 400 za ngozi. Kuukata na kuushona niliufanya mwenyewe, naye akakaa pale pembeni na kahawa yake, vidole vikimwasha.