Uzoefu wangu: paipu za PVC za inchi 4 kwa kupima mizizi ya kamande, Njoro

Kutafuta mbegu ya kamande inayohimili ukame kwa kutumia mifuko ya kitalu ni kujisumbua bure. Mfuko ni mfupi. Mizizi hugusa chini mapema, hujizungusha humo, na mbegu ya mzizi mrefu hulingana na ya mzizi mfupi. Nimetumia mifuko na nimetumia paipu za maji taka za inchi 4 zilizokatwa mita 1, na paipu zimeshinda mbali sana.

Paipu ya mita 6 hutoa vipande sita. Kila kipande kipasuliwe kwa urefu kwa grenda, nusu zirudishwe pamoja na kukazwa kwa waya wa kufungia mahali panne, kisha chini pafungwe neti ya kivuli. Nunua paipu nzito. Zile nyepesi nilizouziwa katika duka moja la vifaa vya ujenzi zilijikunja kwa ndani zilipopasuliwa, kingo hazikukutana tena na maji yakawa yanavuja ubavuni.

Kujaza ndiko kunakoharibu kazi ya wengi. Natumia udongo wa volkano wa hapa na mchanga wa mto uliooshwa, nusu kwa nusu, mkavu na uliochekechwa, kama kilo 10 na nusu kwa kila paipu. Mimina sentimita 20, gonga, mimina tena, na uzito uwe sawa kwa paipu zote. Udongo ukiachana na ukuta, mzizi mkuu hufuata ule mwanya hadi chini, na urefu huo si sifa ya mbegu hata kidogo. Vilevile zifunike kwa magunia meupe, maana paipu ya kijivu ikichomwa na jua huunguza mizizi ya upande huo.

Bakteria wa kupaka mbegu wawe wa minji. Wale wa maharagwe hawaundi vinundu, yaani vivimbe vya mizizini vinavyonasa nitrojeni ya hewani, kwenye kamande.

Mwagilia hadi maji yatoke chini, funika, subiri saa 24, kisha pima: huo ndio uzito wa paipu iliyoshiba. Siku ya 21 acha kumwagilia nusu ya paipu. Weka pia moja isiyo na mmea, ili ujue maji yaliyopotea kwa jua tu.

Siku ya 40 fungua paipu, gawa udongo kwa vipimo vya sentimita 0–20, 20–40 na chini ya 40, kisha osha kwa maji ya taratibu juu ya chekeche la milimita 0.5. Chekeche la milimita 2 hupitisha ile mizizi ya pembeni, myeupe, myembamba kuliko uzi wa kushonea, na hiyo ndiyo inayofyonza maji. Itandaze kwenye trei ya kioo juu ya miraba ya sentimita 1, hesabu inapokata mistari, zidisha kwa 11/14. Makato 420 ni sentimita 330 za mizizi. Mimi huangalia kwanza kilichoko chini ya sentimita 40.

Majani ya kamande ni madogo na hukauka haraka mkononi, kwa hivyo yatie kwenye chupa yenye kizibo papo hapo. Pima yakiwa mabichi, yaloweshe saa 4 kwenye maji safi yaliyotoneshwa, yafute na upime tena, kisha yakaushe kwa nyuzi 70 kwa saa 48. Toa uzito mkavu kwenye ule wa kwanza na ule wa pili, kisha gawanya: ubichi kwa ulioshiba, mara 100; hiyo ndiyo asilimia ya maji yaliyomo kwenye jani ukilinganisha na likishiba. Lakini usipumbazwe na mmea uliobaki kijani. Mmea mdogo hunywa kidogo, kwa hivyo paipu yake hukawia kukauka. Linganisha na uzito wa shina na majani makavu kabla ya kuusifu.

Nazipa nyota 4 kati ya 5. Moja nimeipunguza kwa sababu kuosha paipu moja vizuri hula karibu saa nzima, na ukiharakisha, mizizi myembamba huenda na maji.