Slaidi 12 za tonsili za mifugo: ya ng'ombe imenikosha, ya nguruwe imenitoa jasho

Nafundisha histolojia, yaani somo la tishu chini ya hadubini, kwa wanafunzi wa udaktari wa mifugo, na kila tukifika kwenye tonsili (vifundo vya kinga vya kooni) balaa huwa lilelile: slaidi za zamani, vile vioo vya hadubini, zimefifia mpaka zambarau imegeuka kijivu, na kukata mpya kunataka muda ambao sina. Ndiyo maana niliagiza sanduku hili. Lina slaidi 12 za ng'ombe, kondoo, mbuzi, nguruwe na farasi, 10 zimetiwa rangi ya kawaida ya hematoksilini na eosini, 2 za PAS, rangi inayoonyesha ute. Nimezitumia muhula mzima.

Nianze na ya ng'ombe, maana kwa hiyo peke yake nisingejutia kununua. Tonsili ya kaakaa ya ng'ombe imejificha ndani ya ukuta wa koo. Ukimfungua mnyama mdomo huioni yenyewe, unaona tundu tu. Aliyeikata hii anaijua kazi yake. Kapita palepale kwenye uwazi wa katikati, na vishimo vinavyotawanyika kutoka humo vinaonekana mpaka ncha zake. Anza na lenzi ya 4, usiwe na pupa. Ukishaona ramani yote, panda hadi 40 ufuate ukuta wa kishimo kimoja kutoka mdomoni kwenda chini. Juu, epithelia (utando wa seli unaofunika uso) bapa ya tabaka nyingi imejipanga vizuri. Kadiri unavyoshuka inaanza kuachana kama chandarua kilichochakaa, limfosaiti, zile seli za kinga, zimejipenyeza katikati ya seli zake, na ukifika chini kabisa huwezi kusema epithelia imeishia wapi na tishu ya limfu imeanzia wapi. Hapo ndipo huwa nawaambia wanafunzi wasimame watazame. Tonsili haina mishipa ya limfu ya kuingia, ina ya kutoka tu, kwa hiyo habari zote za adui inazipata kupitia ukuta huo uliotobokatoboka.

Foliko, yaani vifundo vya limfosaiti, nazo zimetoka safi: upande wenye giza, upande wenye mwanga, na kofia ya limfosaiti ndogondogo iliyoelekea epithelia. Ukitulia utaziona hata makrofaji, seli zinazomeza uchafu, zikiwa na mabaki ya seli zilizokufa tumboni. Sijapata slaidi ya dukani iliyonionyesha hayo bila kuhangaika.

Ya farasi ni nzuri, haina maajabu. Za kondoo na mbuzi sawa tu, ila moja ya mbuzi ina kiputo cha hewa chini ya kioo cha kufunikia, tena katikati ya foliko. Ya PAS ya tonsili ya koromeo ya kondoo nimeipenda: epithelia yake ni ya seli ndefu zenye vinyweleo, na seli za ute zimewaka urujuani mwekundu, kiasi kwamba mwanafunzi mvivu kuliko wote alizihesabu bila kuambiwa.

Sasa lebo. Zimeandikwa “TONSILI” na jina la mnyama, basi. Ipi? Ya kaakaa, ya ulimi, ya koromeo? Mnyama mmoja ana tonsili kadhaa na kila moja ina sura yake. Mimi nilizitambua kwa epithelia; anayejisomea peke yake atapotea.

Na nguruwe ndiye aliyenitoa jasho. Darasani, binti mmoja wa mstari wa mbele akaniita: “Mwalimu, hii mbona haina ngozi ya juu?” Nikamjibu, kwa ujasiri wa mtu ambaye hajatazama, kwamba fundi kakata ndani sana. Akanyamaza, akaendelea kuchungulia. Baadaye nikaketi nayo mwenyewe. Hakuna epithelia bapa, hakuna kishimo hata kimoja, na kapsuli, ganda la tishu ngumu, imezunguka pande zote. Foliko zimejazana katikati, tishu iliyolegea ndiyo iko pembeni. Aliyewahi kusoma nguruwe anajua hiyo ni nini: tezi ya limfu, ambayo kwa mnyama huyo imepinduka, cha ndani kimekaa nje. Siku iliyofuata nilimwomba radhi binti wa watu mbele ya wenzake.

Niliwatumia wauzaji picha. Jibu lilichukua siku 9, nalo lilisema ni “tofauti ya kawaida kati ya wanyama.” Nikatuma picha ya pili, nimechora mshale kwenye kapsuli. Safari hii hawakubisha, wakaleta nyingine. Na kusema kweli hii mpya ni kali: ni tonsili ya kaakaa laini, kubwa, ambayo ndiyo daktari huichukua anapopima homa ya nguruwe ya kawaida, kwa kuwa nguruwe hana ile ya pembeni aliyo nayo ng'ombe. Vishimo ni vingi, vimesongamana, vingine vimejaa takataka za seli na limfosaiti.

Kwa darasa lenye mwalimu, nunua, ila kagua kila slaidi kabla wanafunzi hawajaingia. Nawapa nyota 4 kati ya 5. Ile 1 imeliwa na lebo, wala si nguruwe.

Slaidi ya makosa hawakutaka irudi. Nimeibandua lebo na kuiweka kwenye mtihani wa vitendo, meza namba 6.