Naruto Shippuden: nyota nne, na tatu kati ya hizo ni za Sakura

Nimemaliza Naruto Shippuden yote, ile katuni ya Kijapani (anime) ya vijana wa ninja. Episodi 500, kila moja dakika ishirini na ushee, ukiacha zile 220 za Naruto ya utotoni. Mimi ni muuguzi, na nyingi nimeziangalia mchana baada ya zamu ya usiku, pazia limeshushwa, simu imeegemea chupa ya chai. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu wa wadi. Na kama hujaiangalia ujue kabisa kwamba humu natoboa kila kitu.

Bidhaa yenyewe ni nzuri. Mapigano yamechorwa yakachoreka, muziki unakusisimua mwili. Tatizo ni zile episodi za kujazia. Studio Pierrot, watengenezaji wake, walikuwa wanasubiri vitabu vya Masashi Kishimoto, mtunzi wa hadithi, viwatangulie, basi wakawa wanatunga visa visivyo na kichwa wala miguu ili mradi wiki isipite bure. Vita imepamba moto, roho iko juu, mara unaletewa kisa cha miaka ya nyuma ambacho hukukiomba. Hizo peleka mbele.

Ila sijakaa kuandika kwa ajili ya hilo. Nataka kumtetea Haruno Sakura, ninja msichana wa kundi la Naruto. Ukitaka ugomvi na vijana wa anime, taja tu jina hilo. Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyeniwekea hii kitu kwenye simu, alinionya mapema: "Dada, yule wa nywele za pinki ni mzigo. Analia tu, anaita Sasuke, Sasuke, wenzake ndio wanapigana."

Analia, ndiyo. Mtoto wa miaka kumi na miwili kapelekwa kwenye kazi za kuuana, alitakiwa acheke? Tazama basi waliomzunguka. Naruto, staringi wetu, ana mbweha wa mikia tisa tumboni na baba yake alikuwa Hokage wa Nne, yaani mkuu wa kijiji. Sasuke, mwenzao, ni Uchiha, macho yenye nguvu za ajabu kayakuta kwenye ukoo. Sakura ni mtoto wa Kizashi na Mebuki, watu wa kawaida ambao hawakuwa na siri ya ukoo ya kumrithisha. Alikuwa na kichwa chake na mkono unaojua kupima nguvu. Kule Nchi ya Mawimbi, mwalimu wao Kakashi alipowafundisha kupanda mti kwa miguu bila kushika, Sakura alipanda mara ya kwanza tu akakaa juu, hao mashujaa wawili wanadondoka kama maembe. Kwenye mtihani wa chunin (cheo cha ninja wa kati), ule wa maandishi, uliotungwa makusudi ili watu waibie, yeye alijibu kwa akili zake. Hakuna kilicholipuka, kwa hiyo hakuna anayekumbuka.

Sasa njoo Shippuden, pale ninja Kankuro alipojeruhiwa kwa silaha yenye sumu ya Sasori, adui wao. Waganga wa Kijiji cha Mchanga wamejaribu, wameshindwa, wamekaa wanaangaliana. Anaingia huyu binti aliyefundishwa na Tsunade, bingwa wa tiba, katoka safari ya siku tatu, hata maji hajanywa. Anampima mgonjwa, anaagiza vifaa, anawapanga watu wa kumshika. Halafu anapitisha dawa ya maji kupitia jeraha na kuivuta sumu nje, awamu baada ya awamu, mkono umetulia, Kankuro anapiga mayowe. Ikishatoka anaenda kuchagua mimea na kutengeneza dawa ya kumaliza kilichobaki. Niliirudisha nyuma nikaiangalia tena. Mchoraji amekumbuka hata jasho la usoni na wale wasaidizi wanaotumia uzito wa mwili mzima kumzuia mgonjwa asijitupe. Ndivyo ilivyo hasa.

Dawa hiyohiyo ndiyo anayokwenda nayo kwa Sasori pamoja na Bibi Chiyo, mzee wa Kijiji cha Mchanga, na inamkinga dakika tatu tu. Hapo anavunja kwa ngumi gamba la Hiruko, mwanasesere ambaye Sasori alijificha ndani yake, anavunja na yule mwanasesere wa Kazekage wa Tatu, mkuu wa zamani wa Kijiji cha Mchanga, na upanga uliokuwa unamwendea bibi anaupokea yeye mwilini. Anaanza kujitibu upanga ukiwa bado haujachomolewa. Mzigo gani huo?

Ugomvi wangu ni na Kishimoto. Baada ya pambano hilo tunakaa episodi zaidi ya 300 bila Sakura kupewa pambano lake la maana. Badala yake anaandikiwa kile kisa cha Nchi ya Chuma, anamdanganya Naruto kwamba anampenda, kisha anamfuata Sasuke, ambaye kishaasi kijiji, na kisu chenye sumu na kushindwa kumchoma. Vibaya mno. Mwandishi kakosea, lawama kabebeshwa msichana. Na miaka mitatu yote hiyo alikuwa anakusanya chakra (nguvu za ndani za ninja) kidogokidogo kwenye paji la uso ili aje kufungua muhuri wa Byakugo, sisi hatuonyeshwi hata siku moja ya kazi hiyo.

Halafu inakuja ile ya moyo. Adui Madara amemng'oa Naruto yule mbweha, Naruto anakufa, Gaara, ambaye ndiye Kazekage, amewabeba juu ya mchanga wake wanakimbizana na muda. Tiba ya chakra imegoma. Sakura anampasua ubavuni, anaingiza mkono, anaushika moyo na kuupampu kwa kiganja, huku anampulizia pumzi mdomoni. Kwenye wadi yetu anayekandamiza kifua hubadilishwa kila baada ya dakika mbili, maana mikono huchoka na moyo hauhitaji mkandamizo wa mtu aliyechoka. Sakura hana wa kumpokea. Watu wanajadili mpaka leo nani angemshinda nani kati ya Madara na Hashirama, Hokage wa Kwanza, na wakati huo staringi mwenyewe alikuwa anaishi kwa vidole vya yule wanayemwita mzigo.

Baadaye anashuka kutoka juu anampiga adui Kaguya ngumi kwenye pembe. Nilipiga makofi peke yangu chumbani.

Mwenye haraka aanze na episodi 1 mpaka 32, habari ya kumwokoa Kazekage yote imo humo na Sakura utamwona akiwa kazini. Sauti weka ya Kijapani. Chie Nakamura, anayemsemea Sakura, akipiga ule ukelele wa "Shannaro!" kabla ngumi haijatua, utaelewa. Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu ya kujazia, na kwa sababu ya Sasuke. Mdogo wangu keshahamia Boruto, hadithi inayofuata, ananiambia Sakura kaolewa naye, wana binti anaitwa Sarada, na mume miaka na miaka haonekani nyumbani. Hiyo aangalie mwenyewe.