"Niko napiga pasi, dada"

Msiende kwake. Nimeanza na hukumu ili mwenye haraka asome aishie hapo, kwa sababu mwenye haraka ndiye hasa asiyetakiwa kukanyaga kibanda kile. Ni fundi cherehani, yuko Magomeni, Mtwara mjini, chini ya mwembe. Jina simtaji. Na mkewe tunazikana, na mji wenyewe ndio huu huu.

Sina ugomvi na mtu kuchelewa. Hapo ndipo watu hawanielewi nikianza kusimulia. Mimi nauza korosho za kukaanga kando ya barabara kuu pale Mikindani, kwa hiyo najua kazi ya mkono inavyokwama. Mkaa unaisha, mvua inashuka, moto unazidi na sufuria nzima inaungua. Mteja akija namwambia, leo sina, zimeungua. Ananuna, anaondoka, siku nyingine anarudi. Kinachonikera mimi, na nadhani nitazikwa nacho, ni yule mtu anayekuangalia usoni akakwambia "kesho" huku anajua kabisa kwamba kesho hakuna kitu. Mafundi seremala wana ugonjwa huo, mafundi simu wanao, ila mafundi nguo wamezaliwa nao.

Ilikuwa kipindi kile shule zimefungwa na tunamtoa mwali, mtoto wa kaka yangu. Mashangazi tisa tukakubaliana sare: kitenge rangi ya samli chenye maua ya bluu, kila mtu na fundi wake na mshono wake. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe nikapeleka kitambaa changu. Fundi akanipima, akaandika vipimo nyuma ya boksi la nyuzi, akasema 25,000. Nikampa 15,000. "Ijumaa njoo uchukue, dada." Wiki tatu kabla! Nikajiona mwerevu kuliko mashangazi wote wanane.

Niwe mkweli, msimu ule mafundi wana mzigo. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie kwenye korosho mwaka 2007, hela ya mkulima haiji kidogo kidogo. Korosho zinakaa ghalani, zinasubiri mnada, halafu malipo yanaingia kwa mkupuo. Yakishaingia, kila mtu anakumbuka ana harusi, ana unyago, ana watoto hawana nguo, na mkoa mzima unataka kupimwa siku moja. Hilo nalielewa. Angeniambia "dada, nina nguo arobaini mbele yako," ningechukua kitambaa changu nikaenda kwa fundi mwingine, au ningekaa kwenye foleni kama binadamu. Hakuniambia.

Ijumaa nimekwenda. "Bado vifungo tu."

Nikarudi Mikindani. Niko ndani ya daladala, tunakaribia nyumbani, ndipo nikakumbuka. Gauni langu halina vifungo. Mshono niliomwonyesha kwenye simu ni wa zipu, zipu ndefu nyuma, toka shingoni mpaka kiunoni. Vifungo vya nini? Nikajipoza, nikasema labda kachanganya na nguo ya mtu mwingine, mzigo mwingi.

Mara ya pili: "Umeme, dada. Toka asubuhi." Kweli siku ile umeme ulikuwa umekatika. Nikampa pole. Nikakaa hata dakika tano pale tunalalamika pamoja, mimi na yeye, habari za gesi iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, ikalazwa bomba mpaka Dar es Salaam, na sisi taa zikizima hatushangai. Maongezi mazuri kabisa. Nimeshafika kituoni ndipo picha ikanijia: cherehani yake ni ya kukanyaga. Ya mguu! Ile ya chuma cheusi, na mguu wake ulikuwa juu ya pedali muda wote tunaongea. Na pasi yake ni ya mkaa. Ndani ya kibanda kile kitu pekee kinachotumia umeme ni redio.

Mara ya tatu alikuwa msibani. Mwanafunzi wake ndiye aliyeniambia. Nikamwachia kijana 2,000 ya rambirambi. Mpaka leo sijaambiwa nani alikufa.

Mara ya nne siikumbuki vizuri. Ilikuwa "kesho" tu, ya kawaida, haikuwa na sababu. Livingstone aliondokea kwetu Mikindani mwaka 1866 kwenda bara. Angekuwa amepeleka suruali kwa fundi huyu, tungekuwa naye mpaka leo ufukweni pale.

Sasa njoo kwenye Alhamisi, maana haya yote niliyoyasema ningeyasamehe.

Shughuli ni Jumamosi. Alhamisi nikaenda bila kumpigia, mchana wa jua kali, nguo imenigandia mgongoni. Natokea upande wa nyuma ya mwembe, nakuta wanaume wanne wamezunguka bao. Fundi wangu amechuchumaa, amenipa mgongo. Nami si mgeni wa bao, marehemu babu alikuwa analala nalo. Nikaangalia, nikaona namua, ile hatua ya kuingiza kete, imeshaisha, wako kwenye mtaji, hatua ya pili, kete zote 64 ziko ubaoni. Maana yake hawakukaa sasa hivi. Hao walikaa siku nyingi.

Sijui shetani gani alinituma. Nikatoa simu, nikampigia.

Simu ikaita mfukoni mwake. Akaitoa, akaitazama, akaibana kati ya sikio na bega kwa kuwa kiganja kimejaa kete.

"Haloo, dada yangu! Nguo yako niko napiga pasi hapa. Moto mkali, hata simu nimeishikia bega."

Nikamwambia, "Fundi, usije ukaiunguza."

"Siwezi kuiunguza, dada. Nguo yako mimi naiheshimu."

Huku anagawa kete. To, to, to, shimo hadi shimo.

"Na hiyo inayogonga ni nini?"

"Vifungo."

Yule mzee aliyekuwa anacheza naye alishaniona zamani. Aliinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu mchangani. Nikakata simu. Nikasema kwa mdomo, "Fundi, geuka."

Akageuka. Nilitegemea nini? Nilitegemea aone haya. Acheke basi, hata kucheka kungenipoza, tungecheka wote. Badala yake alinyanyuka, akapangusa magoti, akaniambia, tena kwa sauti ya mtu aliyekosewa:

"Sasa dada, mbona hukusema kama unakuja?"

Kwa hiyo kosa langu. Mimi ndiye niliyekosa adabu. Nimemvamia mtu na uongo wake bila kupiga hodi. Sentensi ile nimelala nayo siku nyingi, nimeamka nayo, nimegeuza korosho jikoni nikiirudia peke yangu mpaka mwanangu akaniuliza naongea na nani.

Tukaingia kibandani. Niliigusa pasi. Ya baridi, na jivu lake la juzi. Kitambaa changu akakitoa chini kabisa ya rundo, na kilikuwa kimekunjwa vile vile nilivyokileta, hakijaonja hata mkasi. Nikamwambia nirudishie. Akasema, "Kesho, dada. Naapa." Nikamwambia kesho nakuja na sitoki.

Ijumaa nikafika saa tisa, nikavuta kigoda, nikakaa mlangoni. Wateja wawili walikuja wakaambiwa kesho. Niliwatazama usoni, wakanitazama, tukaelewana, hakuna aliyesema neno.

Alianza kukata saa kumi. Hapa lazima niseme, ingawa mdomo unakuwa mzito. Mtu yule hana karatasi ya kukatia, hana mfano. Anatandaza kitambaa, anapita na chaki mara mbili tatu, anafumba jicho moja, mkasi unaingia. Maua ya bluu yakakutana kwenye mshono wa mbele, ua na ua, kama hakuna aliyekata. Saa moja jioni umeme ukazima, wa kweli sasa, mtaa mzima giza. Hakuinua hata kichwa. Akamwambia kijana amshikie taa ya chaji, mguu ukaendelea kukanyaga. Nilimtazama, nikasubiri akumbuke. Hakukumbuka. Nikanyamaza, maana zipu ilikuwa bado.

Saa tano kasoro usiku ndipo nilipoiona ile pasi ikifanya kazi. Nimesikia habari zake wiki tatu, ilikuwa kama kukutana na mtu maarufu.

Sikuwa na hela ya kumalizia mkononi, nilibakiza ya bodaboda tu. Nikachukua nguo, nikamwambia 10,000 yako utaipata. Bodaboda mpaka Mikindani usiku ule 5,000. Nikijumlisha na nauli za safari zote za "kesho", siku ya kupima siihesabu, nimetumia 16,000. Kwa nguo ya 25,000! Na rambirambi ya watu wasiojulikana.

Jumamosi asubuhi nikalivaa.

Nikiwa na miaka tisa nilianguka kutoka kwenye mkorosho, mfupa wa bega ukaunga vibaya, na tangu hapo bega la kushoto liko chini kuliko la kulia. Si sana. Mume wangu alikaa miaka miwili hajaliona. Ila kila gauni ninalonunua linateleza upande ule, na kila picha ya shughuli mimi niko navuta nguo. Fundi sikumwambia. Huwa siwaambii. Gauni lile lilikaa begani kama limemwagwa. Nikaligeuza ndani nitazame, nikakuta upande wa kushoto amekata tofauti, akaongeza kipande cha bitana juu, chembamba, unakihisi kwa kidole tu. Nikakaa kitandani. Nilitaka kulia, sitanii.

Basi nendeni. Nafuta nilichosema juu kule. Fundi mwenye mkono wa namna hii mnampata wapi? Wenzangu wanane wote walikuwa na nguo zao mapema, na mmoja marinda yamepanda upande, mwingine hawezi kukaa, anacheza ngoma amesimama kama mlingoti. Mimi nimecheza mpaka jua linazama, sijavuta bega hata mara moja. Wifi yangu, mama wa mwali, akanishika pembeni: nani kakushonea? Nikamwambia nimeshonea Dar.

Uongo wangu ule ulikuwa wa kuokoa watu, usifananishwe.

Lakini usiku, nimelala, hasira ikarudi na sababu mpya. Bega langu aliliona lini? Siku ile ya kupima, mara moja, nimevaa na kanga juu. Kwenye lile boksi la nyuzi hakuandika kitu kuhusu bega, nililiona usiku ule wa Ijumaa, lina namba tu. Kwa hiyo alilibeba kichwani wiki tatu nzima. Mimi nilikuwa namtetea moyoni kwamba mzigo umemzidi, kasahau, kachanganya vifungo na zipu. Mtu huyu hasahau! Alikumbuka kila kitu, akakaa kwenye bao. Sisi huku tunajisifu "Ntwara kuchele", kumekucha. Kwake kunakucha kila siku na kesho haifiki. Msiende.

Au nendeni, lakini mwambieni shughuli ni wiki mbili kabla ya siku yake. Na mkienda, kaeni mlangoni. Sijui. Nguo ninayo hapa kabatini, nikiitazama naona anastahili kila sifa, nikiisikia ile sauti, "mbona hukusema kama unakuja," natamani kuichana. Siichani.

Ile 10,000 yake alinipigia siku kadhaa baadaye. Hela nilikuwa nayo, nimeishika mkononi. Nikamwambia, "Kesho, fundi. Njoo Mikindani, kesho asubuhi."

Saa mbili kasorobo natoka na jiko langu, sijawasha hata moto, namkuta amekaa kwenye benchi langu. Amekuja na daladala la kwanza, amenyoa, amechomekea. Ananiangalia kama mtu aliyewahi maisha yake yote. Kumbe kesho anaijua vizuri kabisa, hata saa yake anaijua. Nikampa hela, nikamfungia na korosho za 500, sijui kwa nini. Akashukuru, akaniuliza bega linakaaje.

Vipande vya kitenge vilivyobaki, karibu yadi moja, viko kwake. Nilitaka nimshonee mwanangu sketi. Jana nimempigia kuviulizia. Anavipiga pasi.